Jenereta ndogo zikiunganishwa vizuri zina uhakika kuliko moja kubwa

Wengi wanapofikiria mahitaji ya jeshi lililo vitani, kinachowajia kwanza ni risasi, chakula na magari. Ni wachache wanaokumbuka umeme. Hata hivyo, takwimu za Jeshi la Marekani zinaonyesha kuwa wakati wa vita mashine zinazokula mafuta mengi kuliko zote si vifaru wala helikopta, bali ni jenereta.

Ripoti iliyotolewa Februari 2008 na Bodi ya Sayansi ya Ulinzi, chombo kinachoishauri Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, ilieleza kuwa jenereta za jeshi la nchi kavu hutumia takriban galoni milioni 26 kwa mwaka wakati wa amani. Wakati wa vita kiasi hicho hupanda hadi galoni milioni 357, sawa na zaidi ya lita bilioni 1.3. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko kinachotumiwa na ndege za mapigano za jeshi hilo, na ni karibu theluthi moja ya mafuta yake yote.

Mafuta hayo hayaotei kambini. Huko Afghanistan yalisafirishwa kwa misafara ya malori, kwenye barabara za milimani zilizotegwa mabomu. Utafiti wa taasisi ya sera za mazingira ya jeshi hilo, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kuwa mwaka 2007 kila misafara 24 ya mafuta iliyokwenda Afghanistan iligharimu askari au mfanyakazi mmoja, ama kwa kifo ama kwa kujeruhiwa.

Kwa lugha ya uchumi, bei ya lita moja ya dizeli kambini haikuwa ile iliyoandikwa kwenye ankara. Ilibeba gharama ya lori, ya ulinzi na ya damu. Ndiyo maana wahandisi wa jeshi walianza kujiuliza swali ambalo kila mwenye kiwanda au shamba anapaswa kujiuliza: Je, mafuta haya yote yanazalisha umeme unaotumika, au mengine yanaungua bure?

Jibu halikuwa la kupendeza. Katika kambi nyingi kila hema kubwa, kila jiko na kila ofisi ilikuwa na jenereta yake. Ili kuepuka lawama, kila mkuu wa kikosi aliomba mashine kubwa kuliko mahitaji yake. Matokeo yake, mashine nyingi zilinguruma usiku na mchana zikiwa na mzigo mdogo sana.

Injini ya dizeli haipendi hali hiyo. Ikifanya kazi kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, haipati joto la kutosha. Mafuta ambayo hayakuungua vizuri hugeuka masizi na utomvu mweusi unaoganda kwenye vali na bomba la moshi. Nguvu hupungua, mafundi huitwa mara kwa mara, na mwisho mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya uhakika ndiyo inayozimika.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Kwa viwango vya kawaida vya watengenezaji, jenereta ya dizeli ya kilowati 60 ikiwa na robo ya mzigo hula takriban lita 7 kwa saa. Ikiwa na nusu ya mzigo hula takriban lita 11. Mahema manne yenye jenereta nne, kila moja ikiwa na robo ya mzigo, yanateketeza lita 28 kwa saa. Mzigo huohuo ukibebwa na jenereta mbili zilizounganishwa, kila moja ikiwa na nusu ya mzigo, zinatumika lita 22.

Tofauti ni lita 6 kwa saa, au lita 144 kwa siku. Juu ya hapo, jenereta mbili zimepumzika, zinasubiri kuitwa endapo mwenzao ataugua. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la gridi ndogo, yaani kuunganisha mitambo midogo kadhaa kwenye waya mmoja ili ibebe mzigo wa kambi nzima kwa zamu. Mwaka 2011 jeshi hilo lilifanya majaribio ya gridi ya namna hiyo yenye uwezo wa megawati 1 katika kambi ya Bagram, Afghanistan.

Kama maksai kwenye plau

Kuunganisha jenereta si kufunga nyaya pamoja na kuwasha. Anayejaribu hivyo atachoma mashine zote. Kila jenereta ina mwendo wake, na mikondo yake lazima ipande na kushuka kwa wakati mmoja na ya wenzake kabla swichi haijafungwa. Baada ya hapo kuna suala la pili: nani abebe mzigo kiasi gani?

Mkulima anayelima kwa maksai analielewa jambo hili. Jozi mbili zinapovuta plau moja, hakuna ng'ombe anayesubiri kuambiwa kwamba udongo umekuwa mgumu. Plau ikizama, nira inavuta shingo, mwendo unapungua kidogo, na kila mnyama anaongeza nguvu.

Mashine nazo hufanya vivyo hivyo. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, na wa Afrika Mashariki mara 50. Mzigo ukiongezeka ghafla, mzunguko hushuka kidogo. Mashine iliyopangwa vizuri huhisi upungufu huo na kuongeza nguvu kwa kadiri ya uwezo wake, bila kusubiri amri kutoka kwenye kompyuta kuu.

Wazo la kutumia utaratibu huo kwenye gridi ndogo lilielezwa mwaka 2002 na mhandisi Robert Lasseter wa Chuo Kikuu cha Wisconsin pamoja na wenzake. Baadaye lilijaribiwa katika kituo cha kampuni ya umeme ya American Electric Power jimboni Ohio, kwa kutumia jenereta tatu za gesi za kilowati 60 kila moja. Majaribio yalionyesha kuwa mashine hizo zinaweza kujitenga na gridi kuu inapopata hitilafu, zikaendelea kugawana mzigo, kisha zikarudi gridi inapotulia.

Faida ya uhakika inaweza kupimwa kwa hesabu. Chukua kambi inayohitaji kilowati 240, na kila mashine, kubwa au ndogo, iwe tayari kwa kazi asilimia 95 ya muda. Kambi ikinunua jenereta moja ya kilowati 240, itakuwa gizani takriban saa 438 kwa mwaka. Ikinunua mbili za ukubwa huo, moja ikiwa ya akiba, giza linashuka hadi takriban saa 22.

Sasa inunue sita za kilowati 60, ambapo nne tu zinatosha kubeba mzigo wote. Saa ambazo umeme hautatosheleza ni chini ya 20 kwa mwaka. Yaani kwa mitambo yenye jumla ya kilowati 360 inapatikana hali bora kidogo kuliko kwa mitambo ya kilowati 480. Aidha, hata katika saa hizo chache kambi huwa haizimiki kabisa. Zikibaki mashine tatu, robo tatu ya mzigo inaendelea. Dobi atasubiri, lakini chumba cha upasuaji hakitazimika.

Hesabu hiyo ina sharti ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kulitaja. Mashine hizo zisiwe na ugonjwa mmoja. Kama sita zote zinanyonya tangi moja lenye maji ndani ya mafuta, zitazimika pamoja. Na akiba ya mashine moja tu haitoshi: katika mfano huohuo, kambi ikinunua tano badala ya sita, saa za upungufu zinapanda hadi karibu 198, ingawa mara nyingi upungufu wenyewe utakuwa wa robo ya mzigo.

Kwa nini tabaini?

Mbali na injini za kawaida, mashine nyingine iliyowavutia wapangaji wa gridi hizi ni tabaini ndogo ya gesi. Ni gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na hewa moto, kwa kanuni ileile ya injini ya ndege, ila kwa umbo linaloweza kukaa ndani ya kabati.

Kampuni ya Capstone ya California ilianza kuuza tabaini ya kilowati 30 mwaka 1998. Mhimili wake huzunguka hadi mara 96,000 kwa dakika, ukielea juu ya hewa badala ya beringi zenye oili. Hakuna oili ya kubadilisha, na sehemu inayozunguka ni moja tu. Mkondo wake wa kasi hupitishwa kwenye vifaa vya kielektroniki vinavyougeuza kuwa umeme wa kawaida, jambo linalorahisisha kuunganisha mashine kadhaa. Modeli kubwa ya kampuni hiyo ya megawati 1 ni tabaini tano za kilowati 200 zilizofungwa kwenye kontena moja.

Kwa jeshi kuna mvuto mwingine. Tabaini si mchaguzi wa mafuta. Kwa marekebisho yanayofaa inaweza kutumia gesi asilia, gesi ya dampo, dizeli, mafuta ya taa au mafuta ya ndege ambayo tayari yapo kambini.

Lakini uungwana unadai upande wa pili usemwe. Tabaini ya kilowati 30 hugeuza kuwa umeme takriban asilimia 26 tu ya nishati ya mafuta yake, na ile ya kilowati 65 takriban asilimia 29. Injini nzuri ya dizeli hufanya zaidi ya hapo. Tabaini inalipa pale tu joto la moshi wake, ambalo hufikia nyuzi 300 hivi, linapotumika kuchemsha maji, kupasha majengo joto au kukausha mazao. Soko nalo halikuwa na huruma: Septemba 2023 kampuni hiyo ya Capstone iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, kabla ya kujipanga upya.

Hivyo, anayesikia habari hizi asikimbilie kuagiza tabaini. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wa kuunganisha, si lazima aina ya mashine.

Kambi za nyumbani nazo zilikuwa gizani

Ripoti ile ya 2008 ilikuwa na onyo la pili. Ilisema kambi za jeshi ndani ya Marekani kwenyewe zinategemea karibu kabisa gridi ya kiraia, ambayo inaweza kuanguka kwa hujuma au kwa ajali ya kawaida.

Ajali hizo zilikuwa zimekwishaonekana. Agosti 14, 2003, nyaya zilizogusa miti huko Ohio, pamoja na mfumo wa tahadhari uliokwama, vilisababisha watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada kukosa umeme. Septemba 8, 2011, hitilafu iliyoanzia jimboni Arizona iliwaacha wateja milioni 2.7 gizani, ikiwa ni pamoja na jiji la San Diego lenye kambi kubwa za wanamaji.

Baada ya hapo kasi iliongezeka. Mradi wa pamoja uliojulikana kwa kifupi kama SPIDERS ulijenga gridi ndogo za mfano katika kambi tatu: Pearl Harbor-Hickam na Camp Smith huko Hawaii, na Fort Carson jimboni Colorado. Katika kambi ya Miramar, San Diego, gridi ndogo ilijengwa ikichanganya injini za dizeli na gesi, umeme wa jua na megawati 3.2 zinazotokana na gesi ya dampo la taka la jirani.

Jeshi la nchi kavu nalo liliweka kiwango kwamba shughuli zake nyeti ziweze kuendelea kwa siku 14 bila gridi ya nje. Mwaka 2022 lilitangaza lengo la kila kambi kuwa na gridi ndogo ifikapo 2035. Utafiti uliodhaminiwa na taasisi ya Pew mwaka 2017 ulilinganisha gridi hizo na utaratibu wa zamani wa jenereta moja kwa kila jengo, ukahitimisha kuwa kwa kambi kubwa gridi ndogo huleta uhakika zaidi kwa gharama ndogo.

Fundisho jingine linahusu majaribio. Aprili 2019, wakuu wa Fort Bragg, North Carolina, walizima umeme wa kambi kwa takriban saa 12 bila kuwatangazia wakazi. Walilalamikiwa na wakaomba radhi. Lakini jenereta ambayo haijawahi kubeba mzigo halisi ni ahadi tu, na ahadi haziwashi taa.

Na kuna somo la Texas. Februari 2021 baridi kali ilipolikumba jimbo hilo, visima na mabomba ya gesi viliganda, mitambo ya umeme ikakosa gesi, na vituo vya gesi navyo vikakosa umeme. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilizimiwa umeme. Huko ndiko unakoonekana ule ugonjwa mmoja: mitambo mingi, lakini mafuta ya njia moja.

Linamhusu vipi mkulima?

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya jeshi lenye bajeti isiyo na mfano duniani. Ni kweli. Lakini kosa lililogunduliwa kambini linafanywa kila siku kwenye viwanda vya mazao vya Afrika Mashariki, tena kwa fedha za mkopo.

Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulijikuta gizani kwa sababu jenereta ya dharura iliyohudumia baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Aprili 1, 2024, ikawa zamu ya Gridi ya Taifa ya Tanzania kupata hitilafu. Kwa mwenye duka hilo ni usumbufu. Kwa mwenye kiwanda cha chai ambaye majani yako kwenye hatua ya kuchachuka, au kituo cha maziwa kinachotakiwa kuyashusha hadi nyuzi 4, ni hasara inayohesabika kwa kilo na kwa lita.

Desturi iliyozoeleka ni kununua jenereta moja kubwa. Chama cha ushirika kinapiga hesabu ya siku yenye kazi nyingi kuliko zote katika msimu, kinaongeza kidogo kwa tahadhari, kisha kinanunua. Miezi inayobaki mashine hiyo inafanya kazi kwa robo ya uwezo wake, inakula dizeli, inajaza masizi, na siku inapokufa hakuna wa kuipokea. Hakuna tofauti na yule mkuu wa kikosi aliyeogopa lawama.

Njia bora ipo, na si ngeni. Huko Mufindi, mtambo wa maji wa Mwenga wenye uwezo wa megawati 4, ulioanza kazi mwaka 2012, ulijengwa kuhudumia kiwanda cha chai na vijiji vya jirani, na ziada kuuzwa TANESCO. Huko Hale, mabaki ya mkonge yaligeuzwa biogesi na mwaka 2008 ukazinduliwa mtambo wa kilowati 150. Mifano hiyo inaonyesha kuwa mto mdogo na taka za shamba vinaweza kuwa mashine mbili tofauti kwenye gridi moja. Mto ukikauka kiangazi, taka hazikauki.

Kwa chama au kiwanda kinachofikiria kununua mtambo, hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, kipime mzigo wake kwa wiki kadhaa za msimu wa kazi na za msimu wa kupumzika, saa kwa saa, badala ya kukisia. Pili, kiombe bei ya jenereta mbili au tatu zinazolingana pamoja na paneli ya kuziunganisha, kisha kilinganishe na bei ya moja kubwa kwa miaka 10 ya mafuta na matengenezo, si bei ya dukani peke yake.

Tatu, majirani wakae pamoja. Kiwanda, kituo cha maziwa na zahanati vilivyo umbali wa mita mia chache vinaweza kuchangia mitambo. Vikiwa mbali sana, umeme wa msongo mdogo utapotelea njiani. Nne, kila mwezi umeme wa gridi uzimwe kwa makusudi na mitambo ibebe mzigo halisi. Tano, angalau chanzo kimoja kisitegemee lori la mafuta.

Serikali na mabenki nayo yana wajibu. Kanuni za wazalishaji wadogo zilizofuata Sheria ya Umeme ya 2008 zilifungua mlango, lakini mlango hauna maana kama mafundi wa kuunganisha mitambo ni wa kutafutwa mjini. Vyuo vya VETA vifundishe kazi hiyo. Mabenki yanayokopesha kilimo, ikiwamo Benki ya Maendeleo ya Kilimo, yadai kumbukumbu ya mzigo kabla ya kuidhinisha mkopo wa jenereta, kama yanavyodai hati ya shamba.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilihitaji miaka mingi na misafara mingi ya malori ili kukubali jambo hilo. Chama cha wakulima kisicho na bajeti ya jeshi ndicho chenye sababu kubwa zaidi ya kupiga hesabu hiyo kabla ya kusaini mkopo, si baada ya mashine kuzimika majani yakiwa mezani.